Mto ukikubeba: hatua za kutoka ukiwa hai

Mtu akiangukia mtoni na maji yakaanza kumbeba, mwili wake hudai kitu kimoja: kusimama. Shusha miguu, tafuta chini, kanyaga. Vidole vikigusa kokoto moyo unatulia, kana kwamba umeshaokoka. Ukisahau mengine yote yaliyomo humu, hili lisikutoke: maji yakiwa na kasi, usijaribu kusimama mpaka yawe chini ya magoti yako.

Sababu yake tuitazame kwa karibu. Chini ya mto hakuna sakafu. Kuna mawe yaliyolaliana ovyo, na katikati yake mianya, mashimo, mizizi, na pengine vyuma na mabati yaliyosombwa na mafuriko ya mwaka juzi. Unashusha mguu, wayo unaingia kati ya mawe mawili na kukwama. Lakini kiwiliwili hakijasimama. Maji yanakisukuma kutoka nyuma, kinapita mbele ya mguu, goti linakunjika, uso unainamia majini. Ukijaribu kujiinua, mto wote unaoshuka umekukalia mgongoni. Watu wamekufa hivyo katika maji yaliyowafika kiunoni tu, wamevaa jaketi okozi, na wenzao wako ukingoni hatua chache wakishindwa kuwafikia.

Uzito huo si maneno ya kutisha. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, yaani tani nzima, na nyuma yake inafuata nyingine na nyingine bila kukoma. Tena nguvu ya mkondo haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, msukumo ni mara tisa. Ndiyo maana mto uliouvuka asubuhi bila taabu unaweza kukuangusha jioni baada ya mvua kunyesha huko juu, ingawa kwa macho umejaa kidogo tu. Maji ya kina cha sentimita 15 yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Walichokiona ni kweli, na hatua zote zinazofuata ni za kukufundisha kuacha kutapatapa mapema, wakati nguvu bado unazo.

Hatua ya kwanza: pata pumzi

Sekunde za mwanzo usiogelee kokote. Funga mdomo, inua kidevu, tafuta hewa.

Maji ya baridi, hasa yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, humshtua mtu vibaya. Anavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, kisha anaanza kuhema mbio mbio kama aliyekimbizwa. Pumzi hiyo ya kwanza ikimkuta kichwa kiko ndani ya maji, anavuta maji. Wengi hupotea hapo, kabla hata uchovu haujaanza. Habari njema ni kwamba mshtuko huo hupungua wenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Gordon Giesbrecht, profesa wa Kanada aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu kwenye baridi, amewafundisha watu kanuni nyepesi kwa ajili ya maji ya baridi kali: dakika 1, dakika 10, saa 1. Una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Namba hizo hubadilika kulingana na maji na mwili wa mtu, lakini mpangilio wake haubadiliki. Pumzi kwanza.

Kuituliza pumzi, usihangaike kuvuta hewa ndani. Itoe nje, polepole, midomo imebana, kama unapuliza makaa yashike moto. Ukishatoa, kuvuta kutakuja kwenyewe.

Kama una begi mgongoni, fungua mikanda ulitoe, maana linaweza kukupindua kifudifudi. Likielea, lishike mbele kama boya. Likianza kukuvuta, liache liende, hata kama lina kila kitu chako. Viatu usivue, vitakulinda na mawe. Nguo nazo usipoteze nguvu kuzivua: ukiwa ndani ya maji, nguo zilizolowa hazikuzamishi kama jiwe, uzito wake utausikia wakati wa kutoka.

Pumzi ikishakaa, piga kelele. Kama una filimbi, milio mitatu ni ishara ya hatari inayoeleweka karibu kila mahali, nayo husikika juu ya ngurumo ya maji kuliko sauti ya mtu.

Hatua ya pili: lala chali, miguu itangulie

Geuka uangalie mbingu. Miguu ielekee kule mto unakoshuka, kichwa kibaki kule unakotoka. Magoti yakunje kidogo yawe kama springi. Vidole vya miguu vitokeze juu ya maji. Usipoviona, miguu imeshuka mno na inatafuta mwanya wa kunasa. Mikono itanue pembeni, ndiyo makasia yako. Kidevu kisogeze kifuani ili uone unakokwenda.

Kosa la kila mtu hapa ni kukaa kitako. Hofu inamfanya mtu ainue kichwa sana ili aone, na kichwa kikipanda, kiuno kinashuka. Mifupa ya makalio na mgongo inakuwa ndiyo inayogonga mawe. Sukuma kiuno juu, kana kwamba kuna mtu amekuwekea kiganja chini ya mgongo na anakuinua.

Mkao huu jizoeze leo, hapo ulipo, hauhitaji maji. Lala sakafuni chali, inua visigino kidogo, kunja magoti, kidevu kifuani, mikono pembeni, kaa hivyo nusu dakika. Tumbo litatetemeka. Kwenye maji ni rahisi zaidi kwa kuwa yanakubeba, lakini mwili unakuwa umeshaujua mkao wenyewe na hautaanza kuutafuta siku ya hatari. Wafundishe watoto kama mchezo. Mtoto aliyewahi kucheza mkao huu mara ishirini ana kitu cha kukumbuka maji yatakapomchukua.

Jiwe likitokea mbele, nyayo ndizo zinazolipokea. Kunja magoti upunguze pigo, kisha jisukume ubavuni uliteleze. Ndiyo kazi ya kutanguliza miguu: bora kisigino kiumie kuliko kichwa.

Kuhusu mawimbi, usipumue kwenye kilele. Wimbi likikupandisha, maji huvunjikia usoni, na mwenye mdomo wazi hupaliwa. Funga mdomo unapopanda. Unaposhuka kwenye bonde lililo kati ya wimbi na wimbi, vuta hewa. Baada ya mawimbi matatu manne utaanza kuhisi mdundo wake.

Ila neno moja la tahadhari. Kulala chali ni mkao wa kupumzika, kujikinga na kutazama. Wenyewe haukutoi mtoni. Nimeona maelekezo mengi yanaishia hapo, yanamwambia mtu alale chali asubiri mto utulie, kana kwamba mbele hakuwezi kuwa na maporomoko. Mara pumzi inapokuwa sawa, anza kutafuta mlango wa kutokea.

Hatua ya tatu: soma maji huku unakwenda

Mto hauna kasi moja. Katikati na karibu na uso wa maji ndiko unakokimbia zaidi. Kandokando na chini, msuguano wa ardhi unaupunguza. Kwenye kona tofauti ni kubwa. Upande wa nje wa kona maji ni ya kasi na yana kina, yanakula ukingo mpaka miti inaangukia ndani. Upande wa ndani wa kona maji yamepungua nguvu, yanaangusha mchanga na kokoto, na mara nyingi kuna kijifukwe ambapo mtu anaweza kutambaa nje. Basi ukiona mto unakunja kushoto, anza mapema kusogea kushoto. Ukikunja kulia, sogea kulia. Usipofanya kitu chochote, mkondo utakupeleka upande wa nje, kwenye miti.

Nyuma ya kila jiwe kubwa, yaani upande wake unaotazama mto unakoshuka, kuna mfuko wa maji tulivu. Mkondo ukigawanyika kulizunguka jiwe huacha nafasi, na maji hurudi nyuma kuijaza. Ukitupa jani hapo, litaelea polepole kurudi kwenye jiwe, kinyume na mto. Mifuko hiyo ipo pia nyuma ya ncha za ardhi zinazoingia mtoni. Hivyo ndivyo vituo vyako.

Alama nyingine ni ya umbo. Ukiona juu ya maji umbo la herufi V ambalo ncha yake inaelekea mbele, kule mto unakoshuka, maji yamepata njia ya kupita kati ya vizuizi viwili, pita hapo. Ncha ikikuelekea wewe, kuna jiwe au kisiki kinachopasua mkondo. Kikwepe. Na ukiona mto mbele yako umekatika ghafla kama mstari ulionyooka, huyaoni maji yanayofuata ila unasikia ngurumo tu, jua kuna poromoko au ukuta. Hapo toka mtoni kwa gharama yoyote.

Hatua ya nne: kata mkondo, usishindane nao

Usijaribu kuogelea kurudi ulikoangukia. Waogeleaji wenye kasi kuliko wote duniani humaliza mita 50 kwa sekunde zipatazo 21, ambayo ni chini kidogo ya mita 2.5 kwa sekunde, tena kwa chini ya nusu dakika na ndani ya bwawa lililotulia. Mto uliofurika hufikia kasi hiyo na kuipita. Bingwa akiogelea kwa nguvu zake zote atabaki palepale, kisha atachoka.

Kwenda ubavuni ndiko kunakowezekana. Ukiwa bado chali, geuza kichwa kielekee ukingo unaoutaka, mwili ulale mshazari kwenye mkondo, kama nyuzi 45, kichwa kikiwa upande wa juu wa mto. Piga mikono kurudi nyuma. Mikono inapunguza kasi ya kushuka, na mshazari wa mwili unakusogeza kando kidogo kidogo. Utaendelea kushuka na mto, hilo lisikutie hofu. Unachohesabu ni umbali wako na ukingo.

Chagua mahali pa kutokea mapema. Mto ukikubeba kwa mita 2 kwa sekunde, mahali palipo mita 30 mbele utapafikia baada ya sekunde 15, na ukingoja mpaka uwe sambamba napo umeshapapita. Ukikaribia mfuko wa maji tulivu, au ukingo wa ndani wa kona, ndipo unageuka kifudifudi na kuogelea kwa nguvu zako zote, mikono mirefu, miguu ikipiga juu ya maji. Hapa ndipo pa kutumia nguvu ulizokuwa umezitunza. Mpaka kati ya maji yanayoshuka na yale yanayorudi huwa mkali na unaonekana, una povu na vizunguko vidogo, nao hukurudisha nje ukiugusa kwa woga. Uvuke kwa kishindo. Wengine hujiviringisha mara moja kama gogo ili mwili mzima uingie upande wa pili. Ukishaingia, utashangaa jinsi maji yalivyonyamaza.

Ukikosa kituo cha kwanza, rudi chali, vuta pumzi, tafuta kinachofuata.

Mti ulioangukia mtoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kanuni ya kulala chali inapogeuka. Mti uliolala ndani ya maji ni chujio. Maji hupenya kati ya matawi, mtu hapenyi. Mkondo unamgandamiza kwenye matawi, kisha unamsukuma chini yake, na huko chini kuna matawi mengine asiyoyaona. Ua uliosombwa, nondo za daraja lililovunjika na rundo la magogo kwenye nguzo vinafanya kazi hiyohiyo.

Kukwepa ndiyo njia ya kwanza. Ukiuona mti kwa mbali, ukate mkondo kwa nguvu zote kuelekea upande ulio wazi, hata kama huko kuna mawimbi makubwa. Wimbi linakulowesha tu.

Ukiona huwezi kuukwepa, usiupokee kwa miguu. Miguu itaingia chini ya shina na mwili utafuata. Geuka kifudifudi, kichwa kitangulie, ogelea kuuelekea mti kwa kasi kuliko mkondo wenyewe. Najua inasikika kama wazimu. Lakini unahitaji mwendo wako mwenyewe ili ukifika uurukie: mikono juu ya shina, sukuma chini kama unayepanda ukuta, piga miguu nyuma ili isizame, weka kifua na tumbo juu ya gogo, pita upande wa pili au keti juu yake. Kila sentimita unayopanda juu ya maji inapunguza nguvu inayokushika. Usikubali kukumbatia mti huku mwili umening'inia majini ukingoja msaada, maana miguu itazidi kuvutwa chini.

Ukuta mdogo unaovuka mto

Ukitazama kutoka juu ya mto, ukuta wa saruji uliojengwa kuzuia maji unaonekana si kitu. Mstari mnyoofu, maji yanateremka laini, pengine mita moja tu. Waokoaji huziita kuta hizi mashine za kuzamisha watu. Maji yanayoanguka huchimba chini, kisha ya juu hurudi nyuma kuelekea ukutani, na chochote kinachoelea huzungushwa hapo hapo: gogo, mpira, mtu. Maji hayo pia yamejaa hewa, ni povu, kwa hiyo hata jaketi okozi halikuinui kama kawaida. Magogo yanayozungushwa nawe yanakugonga.

Hakuna ustadi wa kutegemea hapa zaidi ya kutofika. Ukijua mto una ukuta wa namna hiyo, usiingie sehemu ya juu yake kabisa. Ukibebwa na kuuona, kata kwenda ukingo wowote ulio karibu. Ukishaangushwa ndani, kuogelea kuukimbia ukuta juu ya uso wa maji hakufui dafu. Zimebaki njia mbili tu za kujaribu. Moja ni kusogea kando, sambamba na ukuta, kuelekea mwisho wake ukingoni. Nyingine ni kujikunja, kidevu kifuani, mikono ikikinga kichwa, na kuacha maji yanayoanguka yakupeleke chini, kwa sababu huko chini ndiko kuna mkondo unaotoka nje. Ukitokeza mbali na povu, vuta hewa na ulale chali.

Na poromoko la kawaida? Kama huna namna, karibu na ukingo wake vuta pumzi kubwa, jikunje kama mpira, magoti kifuani, uanguke hivyo. Miguu iliyonyooka ndiyo inayopenya kati ya mawe chini ya poromoko. Ukishapita, rudi chali.

Ukiwa na chombo, au gari

Mtumbwi ukipinduka, ushike ukiwa upande wa juu wa mto, chombo kikitangulia mbele yako. Mtumbwi uliojaa maji una uzito wa mamia ya kilo, na ukikubana kwenye jiwe hakuna atakayeusogeza. Ukielekea kwenye mti au ukuta, uachie.

Gari ni hadithi ndefu, ila kwa ufupi: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo likaelea, na sentimita 60 huyasomba magari mengi, hata yale marefu. Geuza urudi. Likishasombwa, usingoje na usipige simu kwanza. Fungua mikanda, fungua au vunja dirisha la pembeni, watoe watoto, toka. Milango itagoma kwa msukumo wa maji, na madirisha ya umeme yanaweza kugoma baadaye, kwa hiyo dakika ya kwanza ni ya dirisha. Ukishatoka uko mtoni. Anza na hatua ya kwanza.

Ukirushiwa kamba

Shika kamba yenyewe, si mfuko wake kama imerushwa na mfuko inamokunjwa, na usijifunge kokote: si mkononi, si kiunoni. Kamba iliyofungwa mwilini katika mkondo inamzamisha mtu, kwani maji yanamsukuma na kamba inamzuia, hivyo anavutwa chini kama chambo. Lazima uweze kuiachia.

Lala chali, uipitishe kamba juu ya bega lililo mbali na aliyekurushia, mikono yote miwili ikiwa kifuani. Sasa kichwa kinaelekea kule kamba inakotoka, maji yanapita juu ya mabega yako na mbele ya uso kunabaki uwazi wa kupumulia. Mkondo utakuzungusha mpaka ukingoni. Usijaribu kupanda kamba mkono kwa mkono, shikilia tu.

Kama wewe ndiye uliye ukingoni, usiruke. Nakuomba sana. Wapo wengi waliozama mtoni kwa kuingia kumfuata ndugu, rafiki au mtoto, na msiba mmoja ukawa miwili. Mwelekeze kwa sauti na kwa mkono, ukionyesha upande ulio salama, si penye hatari, kwa sababu aliye majini huogelea kuelekea unakoonyesha. Nyoosha fito, tawi, kanga au shuka lililokunjwa, huku umelala kifudifudi na mtu amekushika miguu. Rusha kamba, au chochote kinachoelea: dumu tupu lililofungwa kifuniko, boya, godoro. Kabla ya kurusha kamba mwite aangalie, kisha ipitishe juu yake ili imwangukie mabegani. Simama imara au keti chini, maana uzito wake ukija utakuvuta, nawe pia usiifunge kamba mwilini. Kama mko zaidi ya mmoja, mwingine akimbie chini ya mto na kamba nyingine au fito ndefu, na mwingine apige simu ya dharura.

Ukishafika ukingoni

Usiruke kusimama kwa furaha. Tambaa. Endelea kuelea mpaka mikono na makalio viguse chini, kisha tembea kwa mikono na magoti hadi maji yawe nyuma yako. Ukingo ukiwa wima na wa utelezi, usiumalize mwili kuupanda. Shika kitu, pumua, fuata maji ya kando mpaka upate mahali panapoteremka.

Ukitoka, ondoka kwenye upepo, vua nguo zilizolowa, jifunike kavu, kichwa pia. Maji humnyang'anya mtu joto kwa kasi karibu mara 25 kuliko hewa, na joto la mwili huweza kuendelea kushuka hata ukiwa nchi kavu. Anayetetemeka apewe kitu kitamu cha moto, kama anameza vizuri. Anayeacha kutetemeka huku anaongea ovyo au anasinzia yuko hatarini. Alazwe, afunikwe, asitembezwe, apelekwe hospitali.

Aliyetolewa hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo kutoa maji. Ni kupoteza muda, na matapishi huingia mapafuni. Kinachomwua ni kukosa hewa, hivyo anza na pumzi: inua kidevu, bana pua, mpulizie mpaka uone kifua kinapanda, mara chache za mwanzo. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, na tena 30, mpaka apumue au waokoaji wafike.

Aliyemeza au kuvuta maji na bado anakohoa, anahema kwa shida, au amechoka isivyo kawaida, aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema yuko sawa. Asiachwe alale peke yake usiku huo.

Na wewe uliyetoka mwenyewe, peke yako, labda kilomita moja chini ya ulipoangukia: huko juu kuna watu wanaamini bado uko majini, na pengine mmoja wao ameshaanza kuvua viatu. Kabla ya kukausha nguo, tafuta simu, au mpita njia wa kumtuma, uwafikishie habari kwamba umetoka.